Je, Wajua? Kilichomo Ndani ya Ndoo ya Taka

Je, wajua kwamba chupa ya maji na kizibo chake si plastiki moja? Huhitaji maabara kuthibitisha. Kata kipande kidogo cha chupa na kipande cha kizibo, vitie kwenye bakuli la maji, uvizamishe kwa kidole mpaka mapovu yaishe. Kipande cha chupa kitabaki chini. Cha kizibo kitapanda na kuelea. Viwanda vya urejelezaji hutumia njia hiyohiyo: plastiki husagwa, humwagwa kwenye matangi ya maji, na maji yenyewe ndiyo yanayozitenganisha. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri, na kinachotoka ni kitu dhaifu kisichopata mnunuzi.

Mimi sikulisoma hilo kitabuni. Nilifundishwa na mama mmoja anayenunua chupa karibu na soko la mtaani kwetu. Huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu kifupi mkononi, magunia matatu mbele yake: la chupa, la vizibo, na la plastiki ngumu, yaani ndoo na mabeseni yaliyopasuka. Anafungua kizibo, anakata pete iliyobaki shingoni, anachana karatasi ya jina, anaikanyaga chupa, anairusha guniani. Hajamaliza sentensi yake, chupa ya pili iko mkononi. Siku niliyompelekea mfuko wangu alizinusa chupa moja moja, kisha akanirudishia karibu nusu. “Dada, hizi zimewekewa mafuta ya taa. Nikizichanganya na zangu, kiwandani watanirudishia gunia zima.”

Tangu siku ile, kila ninaposoma tafiti za taka, namwona na magunia yake. Na karibu kila utafiti unarudi palepale: taka inazaliwa pale vitu vinapochanganywa.

Je, wajua taka za dunia ni kiasi gani? Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2016 miji na vijiji vya dunia vilizalisha tani bilioni 2.01 za taka ngumu, na kwamba ifikapo mwaka 2050 zitafika tani bilioni 3.4. Kusini mwa Sahara kila mtu hutoa wastani wa kilo 0.46 kwa siku, chini sana ya wastani wa dunia wa kilo 0.74. Hatutupi nyingi. Shida yetu ni kwamba tunachokitupa, sehemu yake kubwa haizolewi na yeyote.

Je, wajua kwamba katika nchi zenye kipato cha chini zaidi ya nusu ya taka, asilimia 56 kwa hesabu hiyohiyo, ni vyakula na majani? Maganda ya ndizi, ya viazi, ya muhogo, makapi ya nazi, mchicha ulionyauka, wali uliolala. Katika nchi tajiri kiwango hicho ni asilimia 32. Kwa hiyo mtaalamu anayekuja na mtambo uliobuniwa kwa ajili ya taka kavu za Ulaya, zilizojaa karatasi na maboksi, ameleta mtambo wa nyumba nyingine. Taka zetu zina maji. Hazishiki moto kwa urahisi, ni nzito kuzibeba, na zikikaa siku mbili juani zinanuka. Lakini ndizo rahisi kuliko zote kurudishwa shambani.

Je, wajua kuhusu nzi anayefugwa na watafiti? Kwa jina la kisayansi ni Hermetia illucens, nzi mweusi, mrefu, anayefanana kidogo na nyigu. Akiwa mkubwa hana haja na sahani yako wala haumi mtu. Kazi yote hufanywa na funza wake. Wakitiwa kwenye maganda na mabaki ya chakula hula usiku na mchana, na kwa muda wa wiki mbili hivi lundo hupungua kwa nusu au zaidi. Kinachobaki ni mbolea, na funza wenyewe wamenenepa kwa protini na mafuta. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, kilichoko Kasarani, Nairobi, wamewalisha kuku kwa funza hao badala ya chakula chenye samaki. Uzito wa jambo hili unaonekana ukienda sokoni. Dagaa wanaosagwa kuwa chakula cha kuku ndio haohao wanaotakiwa na mama mwenye watoto watano. Kila kilo ya funza inayoingia kwenye banda la kuku inaweza kumwachia dagaa binadamu.

Lakini funza hao hawali plastiki. Ukiwapa ndoo iliyochanganywa, mtu lazima akae achambue mifuko na vizibo kwa mkono kwanza.

Je, wajua kwamba binadamu ametengeneza tani bilioni 8.3 za plastiki kati ya miaka ya 1950 na 2015? Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walipiga hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 2017. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa zimekwisha kuwa taka. Kati ya taka hizo, zilizorejelezwa ni asilimia 9. Zilizochomwa ni asilimia 12. Asilimia 79 ziko ardhini, madamponi, mitoni na baharini.

Je, wajua alama ya mishale mitatu inayofukuzana ilichorwa na mwanafunzi? Gary Anderson alikuwa na umri wa miaka 23, akisoma Chuo Kikuu cha Southern California, aliposhinda shindano la kuibuni mwaka 1970. Namba 1 hadi 7 unazoziona chini ya vyombo vya plastiki zilikuja baadaye, mwaka 1988, na zinataja aina ya plastiki tu. Hazikuahidi kwamba kuna mtu popote atakayeipokea.

Je, wajua kopo la soda la alumini likiyeyushwa upya huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ambayo ingehitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake? Ndiyo maana mnunuzi wa vyuma chakavu hakosi kuliokota. Kioo nacho huyeyushwa tena na tena bila kuchoka. Karatasi huchoka: nyuzi zake hufupika kila zinaposagwa, na baada ya mara tano hadi saba hazishikani tena.

Je, wajua wasomi wenyewe hawajakubaliana maana ya “uchumi wa mzunguko”? Julian Kirchherr na wenzake wa Uholanzi walikusanya maana 114 zilizokuwa zimeandikwa na kuzichambua mwaka 2017. Walipoirudia kazi hiyo mwaka 2023, zilikuwa 221. Katika uchambuzi wa kwanza, nyingi ziliutaja kama kupunguza, kutumia tena na kurejeleza. Chache sana zilijali haki ya watu au kizazi kijacho. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, maana mzunguko wowote wa vitu hupita kwenye mikono ya watu, na mikono hiyo huugua.

Mawazo yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1966 mwanauchumi Kenneth Boulding aliwaambia wenzake kwamba dunia ifikiriwe kama chombo kimoja cha angani: hakuna ghala nje yake, hakuna jalala nje yake. Mwaka 1976 msanifu majengo wa Uswisi, Walter Stahel, pamoja na Geneviève Reday, waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti iliyoonyesha kwamba kukarabati kitu kilichopo hutumia nguvu nyingi ya mtu na nishati kidogo, ilhali kutengeneza kipya ni kinyume chake. Anayekarabati anatoa ajira na kuokoa mafuta kwa wakati mmoja. Fundi viatu wa chini ya mwembe na fundi redio wa kibandani wamekuwa wakiishi ndani ya ripoti hiyo kabla haijaandikwa. Mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokwenda Kenya ulirudi na ripoti iliyoufanya ulimwengu uanze kuzungumza kwa uzito kuhusu “sekta isiyo rasmi”. Wafuaji wa Kamukunji, wanaogeuza mapipa kuwa majiko na masanduku, ni sehemu ya kile wachumi walichoanza kukiona wakati ule.

Je, wajua kwamba hata tukirejeleza kila kinachorejelezeka, mzunguko hautafunga? Willi Haas na wenzake wa Vienna walichapisha hesabu mwaka 2015: kati ya tani bilioni 62 za malighafi zinazopita kwenye uchumi wa dunia kwa mwaka, zinazorudi kwa urejelezaji ni kama tani bilioni 4. Asilimia 44 ya malighafi yote hutumika kutoa nishati. Mkaa ukishaungua umekwisha, hakuna wa kuurejeleza. Na nyingine nyingi zimejengewa nyumba na barabara, hazitarudi leo wala kesho.

Kuna onyo jingine la wasomi ambalo halisikiki vya kutosha. Trevor Zink na Roland Geyer walieleza mwaka 2017 kwamba urejelezaji una faida kwa mazingira pale tu bidhaa iliyorejelezwa inapochukua nafasi ya mpya. Ikiwa kiwanda kinaendelea kutengeneza ndoo mpya zilezile, na pembeni zikauzwa za plastiki chakavu kwa bei ya chini, basi dunia imepata ndoo nyingi zaidi kuliko mwanzo. Ukitaka kujua kama urejelezaji umefanikiwa, uliza ni kipi kimeacha kutengenezwa.

Je, wajua kulikuwa na profesa aliyefukua majalala kama wengine wanavyofukua makaburi ya wafalme? William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona alianza mwaka 1973 kuchambua taka za kaya za Tucson, na kulinganisha alichokikuta na majibu ya wenye nyumba. Walisema wanakunywa bia chache. Ndoo zao zilisema vingine. Mwaka ule nyama ya ng’ombe iliadimika Marekani, na ajabu ni kwamba nyama iliyotupwa iliongezeka: watu walinunua nyingi kwa hofu, hawakujua kuihifadhi, ikaharibika. Baadaye alichimba madampo yenyewe akakuta magazeti ya miongo iliyopita bado yanasomeka. Dampo lililoshindiliwa na kufukiwa huhifadhi vitu vingi ambavyo tulidhani vimeshaoza.

Madampo yetu yako tofauti. Yana mvua, yana maganda mengi, na chakula kikioza bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto anga mara 28 kuliko kabonidayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Lundo hilohilo likilowa na kuongezwa kila siku, huporomoka. Machi 2017 jalala la Koshe, Addis Ababa, liliwafukia na kuwaua watu zaidi ya 110. Agosti 2024 lundo la Kiteezi, Kampala, likaporomoka baada ya mvua na kuua makumi ya watu, baadhi yao wakiwa majumbani mwao.

Je, wajua wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliwahi kulipeleka jiji mahakamani kwa sababu ya dampo? Ilikuwa mwaka 1988. Mahakama Kuu iliamuru taka ziache kumwagwa pale. Jiji likawa linarudi kuomba muda zaidi. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakashtaki wakashinda. Zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na leo magari yanapanda Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa ulikuwa na haki ya kukataa. Hakuna mtaa ulioulizwa kama ungependa kutenganisha.

Je, wajua kwamba urejelezaji wenyewe unaweza kuua? Hapa naomba tusimame kidogo.

Betri ya gari ni miongoni mwa vitu vinavyorejelezwa zaidi duniani, maana risasi iliyomo ndani yake huyeyuka kwa moto mdogo na huuzika vizuri. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulishuka juu ya mabati, mvua ikauosha kwenye mapipa ya maji ya kunywa, maji machafu yakapita vichochoroni wanakochezea watoto. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Baada ya muda mfupi mwanawe mchanga akaugua, homa haishuki, hospitali hazioni kitu, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Ilikuwa imepita kwenye maziwa ya mama. Omido aliacha kazi, akapita nyumba kwa nyumba, watoto wengine wakapimwa, nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hukaa kwenye mifupa, na hudumaza akili ambayo bado inajengeka. Madaktari hawajapata kiwango chake kilicho salama. Dandora, Nairobi, dampo lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na ambalo halijaacha kupokea taka, lilichunguzwa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Kati ya watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati ule. Betri, rangi na nyaya hazikupaswa kulala lundo moja na maganda ya ndizi.

Je, wajua nani hasa anarejeleza plastiki ya dunia? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 na Winnie Lau na wenzake ulikadiria kuwa karibu asilimia 60 ya plastiki iliyokusanywa kwa ajili ya kurejelezwa mwaka 2016 ilipita mikononi mwa waokotaji wasio rasmi: mwenye gunia, mwenye mkokoteni, mwenye guta. Hawana mshahara, hawana glavu, na mara nyingi hufukuzwa na mgambo. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, baada ya waokotaji kupigania haki yao mahakamani kwa miaka mingi, ulianza mwaka 2013 kuwalipa kwa uzito wa walichokikusanya, kama kampuni yoyote ya usafi inavyolipwa. Sioni sababu miji yetu ishindwe.

Je, wajua moshi wa jioni nao umehesabiwa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walikadiria mwaka 2024 kwamba tani milioni 52 za plastiki huponyoka kwa mwaka kwenda kwenye mazingira, na zaidi ya nusu yake huponyoka kwa kuchomwa hadharani. Ni ule moto mdogo nyuma ya nyumba ambao wengi wetu tuliufikiri kuwa ni usafi. Chanzo kikubwa katika nchi zetu ni taka ambazo gari halikuzifuata. Mtu hachomi kwa ukorofi. Anachoma kwa sababu hakuna aliyekuja.

Je, wajua Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006? Rwanda ikafuata 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019.

Je, wajua kuna dau lililojengwa kwa plastiki tupu? Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliyeyusha takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakachonga mbao zake kwa tezo kama wanavyochonga mti, kisha wakalifunika kwa kandambili 30,000. Jina lake ni Flipflopi. Mwaka 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu likafika Unguja.

Je, wajua huko Sakai, Japani, nje ya kiwanda cha kurejeleza chupa, wanasayansi walimkuta bakteria anayekula plastiki? Walimtangaza mwaka 2016 kwa jina la Ideonella sakaiensis. Humaliza utando mwembamba wa plastiki kwa wiki sita akiwa kwenye joto zuri. Ni habari ya kufurahisha kweli, lakini gari la taka lisimsubiri.

Je, wajua, mwisho kabisa, gharama ya kuanza? Ni ndoo moja. Leo jioni kabla hujamenya viazi, weka ya pili jikoni: moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu. Betri na balbu ziweke kando, mbali na watoto. Maganda yana mwenye kuku au mwenye bustani jirani yako. Vikavu vina mtu mwenye gunia anayepita mlangoni kwako. Muulize siku zake. Na chupa usizitie mafuta ya taa. Zisuuze, zifungue vizibo, kisha mpelekee.